Tairi za Mbele za Mumbua

Mumbuni, Machakos
Jumapili, baada ya kanisa

Baba,

Usinikasirikie kwamba nimefungua duka siku ya Jumapili. Sikuja kushona. Nimefunga mlango kwa ndani na karatasi nimeiweka juu ya cherehani, kwa sababu nikiandikia nyumbani Mama ataniuliza namwandikia nani.

Nina jambo nimekaa nalo tangu wodini. Nilikudanganya.

Ilikuwa Alhamisi. Ulikuwa umenywa uji nusu kikombe na nesi alikuwa amekusifu kama mtoto. Ukaniuliza, "Mwende, umempatia Mumbua viatu?" Nikasema ndiyo, nimepata tairi zote mbili za mbele, ziko dukani, zinangoja upone uje uzifunge mwenyewe. Ukaniuliza ni saizi gani. Mimi nikasema kumi na nne, bila hata kusita. Ukaniangalia kidogo, kisha ukafumba macho ukasema, "Sawa, mama." Ukalala. Jumatatu ukatuacha.

Baba, hazikuwa dukani. Hazikuwa popote. Sikuwa nimeanza hata kuuliza. Na tangu siku tulipokuzika nimekuwa na wazo moja tu, kwamba lazima zile tairi zipatikane, ili neno la mwisho la maana nililokuambia duniani lisibaki uongo. Ninajua ni wazo la kitoto. Lakini ndilo nililokuwa nalo.

Nikueleze kwanza hali ya nyumbani. Mama yuko salama. Amekonda kidogo, na anapika chakula kingi mno, sufuria ile ile ya watu watatu, halafu analaumu majirani kwamba hawaji kula. Tangi limewekwa bomba jipya. Yule jogoo wako mkorofi alichinjwa siku ya maombi, na sikumlilia hata kidogo. Mumbua alibaki pale pale ulipomwacha, kando ya jiko. Mama alimfunika kwa shuka la kitanda chenu, lile la maua ya zambarau. Nilimwuliza kwa nini asitumie turubai. Akasema turubai ni ya mahindi.

Na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukucheka kwa ajili ya mashine hii, usidhani nimesahau. Walipokupunguza kazi serikalini, wenzako walinunua ng'ombe, wengine wakafungua kioski. Wewe ukaenda mnadani kwenye vitu vilivyochakaa vya ile idara yenu, ukarudi na mashine ya kukatia nyasi, ile ile uliyokuwa ukiiendesha miaka yote ukiwa mtunza bustani wao. Ilikuwa wakati wa mvua ya El Nino. Ulitoka mjini mpaka Mumbuni umeikalia, mwavuli mkono mmoja, usukani mkono wa pili, pole pole mno hata watoto wa shule walikupita kwa miguu. Nilikuwa na wateja wawili dukani. Wote walitoka nje kuangalia. Mmoja akauliza kama hilo ni trekta lililokataa kukua, nami, Mungu anisamehe, nikacheka kwa sauti kuliko yeye. Ulisimama mbele ya duka langu ukiwa umelowa chapachapa, ukasema, "Huyu ni Mumbua. Amekuja na mvua." Kama vile mtoto wa kike amezaliwa kwetu wakati wa mbua, na jina lake limejileta lenyewe.

Kisha ukanionyesha. Ulikata uwanja wa shule ya msingi, ukakata kanisani, ukakata zahanati. Wengine hapa wanakata nyasi, wewe ulikuwa unapiga pasi. Ulikuwa ukimaliza, unasimama pembeni na kofia mkononi, unaangalia ile mistari, mmoja mwepesi mmoja mzito, na mtu akitaka kukanyaga unamwambia asubiri kidogo, bado inapoa. Niliwahi kukushauri uiuze ununue ng'ombe wa maziwa. Ulinijibu kwamba ng'ombe naye anakata nyasi, lakini hana mpangilio.

Basi, baada ya mazishi nilifunua shuka nikaziangalia hizo tairi kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu anayetaka kuzitengeneza. Zilikuwa zimepasuka pasuka kwa jua, nyuzi za ndani zinaonekana. Nilifikiri labda ni tubu tu, fundi wa pancha atatia kiraka na mambo yaishe. Nikazifungua na rimu zake, nikazipeleka kwa yule fundi wa karibu na soko. Akaingiza vyuma vyake viwili, akainua ukingo wa ya kwanza, akavuta. Hapakuwa na tubu.

Palikuwa na vitambaa, Baba. Vyangu. Vilikuwa vimeshindiliwa kwa nguvu mpaka vimekuwa kama mbao, na fundi alipovigonga vikaanza kutoka kimoja kimoja. Kijani cha sare za shule. Satini nyeupe ya harusi ya binti wa shemasi. Kile kitenge cha mama aliyekataa kulipa, nikakifumua chote kwa hasira. Kaki, tetroni, pindo za mapazia. Ulikuwa ukinijia kila Jumamosi unaniomba mabaki ya kufutia oili, nakupa mfuko mzima, na moyoni nikisema mzee huyu anafuta oili kama anaosha gari la rais. Kumbe tubu zilikufa zamani, na wewe ukaona heri ujaze tairi kwa mabaki ya binti yako kuliko kuja kuniambia huna uwezo wa kununua nyingine. Uwanja wote ule wa shule umeukata ukiwa umekalia kazi yangu.

Nililia pale pale kwa fundi wa pancha. Yeye maskini alifikiri ameharibu kitu, akawa anavirudisha ndani.

Nikaapa nitanunua mpya. Nilikwenda Nairobi, Industrial Area, kwa watu wanaouza mashine za aina hiyo. Mhudumu alikuwa kijana mpole mwenye tai. Aliandika, akapiga simu, akaandika tena, halafu akanigeuzia karatasi nisome bei. Nilimwuliza kama hiyo ni bei ya tairi au ya mashine nzima pamoja na dereva. Akasema ni tairi mbili, na tena lazima ziagizwe kutoka nje, ningoje. Bei ile ilikuwa karibu sawa na uliyoinunulia Mumbua mwenyewe pale mnadani. Nikakunja karatasi nikamshukuru. Nilishuka Konza nikaingia kwenye ranchi moja niliyosikia wana mashine kama hiyo imekufa. Ni kweli imekufa, na tairi zake zilikuwa zimeliwa na mbwa. Walinipa chai.

Hapo ndipo nikaamua kufanya kwa akili yangu. Sasa cheka, maana hili ni lako kabisa kulicheka. Nilichukua tepu yangu ya shingoni nikazipima tairi zako. Nikakata patani kwa karatasi ya kaki, duara zuri, nikaandika "mbele" kama ninavyoandika kwenye blauzi. Nikaizungusha mji mzima chini ya kwapa. Duka la vipuri wakaniambia hawauzi karatasi. Mwishowe nikafika kwa Mama Wanjiru wa hadwea, yule aliyekuja kutoka Murang'a akiwa mchumba na sasa anaongea Kikamba kutuzidi. Aliweka patani yangu juu ya gurudumu la wilbaro, ikalingana kwa urefu, karibu kabisa. Akasema, "Si hii hapa? Chukua hii ya wilbaro, Mwende. Nyasi haijui tofauti."

Nami nikaamini. Fundi wa kuchomelea akatengeneza bushi, vipete vya chuma vya kuingia kwenye ekseli, tukazifunga, Mumbua akasimama. Amesimama kama mtu aliyevaa viatu vya harusi vya dada yake, kidevu juu, lakini amesimama. Nilienda moja kwa moja shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa amenipa kazi ile kwa ajili yako, hakuna sababu nyingine. Michezo ya shule za eneo letu ilikuwa inakaribia na nyasi za uwanja zilikuwa zimefika magotini. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha.

Baba, mimi nimeshona miaka kumi na miwili. Mteja akija simpimi urefu peke yake, nampima na kiuno. Lakini tairi nilipima urefu tu, upana sikuupima. Zile za wilbaro ni nyembamba. Uzito wote wa injini ukazikalia, zikaingia kwenye udongo kama kisu kwenye ugali moto. Sikuona, kwa sababu nilikuwa naangalia mbele kwa majivuno. Nilipogeuka mwisho wa uwanja, nikaona mitaro miwili nyuma yangu, imenyooka vizuri, kutoka goli mpaka goli. Na nyasi zenyewe zilinyolewa mpaka udongoni, kwa sababu pua ya mashine ilikuwa imezama.

Mwalimu mkuu alikuja akasimama kwenye mtaro mmoja. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema, "Mwende, mimi nilimpenda sana babako. Lakini hii mashine isirudi hapa na hizi tairi. Watoto watavunjika miguu." Akaongeza kwamba kama wiki hiyo itaisha bila mashine kuwa sawa, atawaita watu wa kufyeka kwa mkono na slasha, na wao ndio watachukua uwanja. Nilikaa siku mbili najaza mitaro kwa koleo. Wanafunzi wa darasa la nane walinipita wakiimba wimbo waliotunga, sikuusikiliza mpaka mwisho.

Jioni ya siku ya pili, Mama aliniambia, bila kuinua macho kwenye kunde alizokuwa akichambua, kwamba amezungumza na mtu wa vyuma kuukuu. Atakuja Jumamosi kumchukua Mumbua. "Mimi siwezi, Mwende," alisema. "Kila nikienda jikoni naona kama babako amekaa hapo." Nilikaa nikamsaidia kuchambua. Tairi sina, uwanja nimeuchimba, na ahadi yangu kwako ilikuwa inaenda kupimwa kwa kilo.

Ijumaa nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Nilichukua zile tairi zako za zamani, zilizokwisha toa vitambaa, nikaenda kwa Mzee Kimeu anayetengeneza akala pale chini ya soko. Nilitaka anikatie jozi moja ya sandali, ya kwangu tu, nibaki na kitu chako miguuni Mumbua akishaenda. Sikumfahamu zaidi ya kumsalimu. Alichukua tairi, akaipinda, akaigonga kwa kisu, akatikisa kichwa. "Hii imekwisha. Haitoi hata kiatu cha mtoto." Halafu akaisoma ubavuni, polepole, kwa kidole. Kumi na tano, sita, sita. Akaniangalia usoni. "Wewe ni Mwende wa kushona?"

Nikasema ndimi.

Akainuka. Aliondoa magunia nyuma ya kibanda chake, akaondoa rundo la vipande vya raba, akatoa tairi mbili. Fupi, nene, pana, zimelika kidogo tu katikati. Akaziweka miguuni pangu. Zilitoka Athi River, alisema, kwenye mikokoteni ya kiwanda, ile wanayosukumia mizigo ndani kwa sakafu; watu wanaomletea tairi za lori walizitupia juu ya mzigo, na kwa akala hazifai, lakini yeye alizitambua. Alituma mtu nyumbani mara mbili, Mama akamwambia mashine inauzwa. Basi akaziweka.

Nilimwuliza alijuaje kama natafuta saizi hiyo.

Baba, nilipokuwa nikimsikiliza yule mzee nilikaa chini kwenye vumbi la raba na sketi yangu nyeusi ya kanisani. Alisema alikuja kukuona wodini Jumamosi ile, siku mbili baada ya mimi kukudanganya. Ulimwambia hivi, na ninaandika kama alivyosema: "Kimeu, msichana wangu ameniambia amepata tairi. Nikamuuliza saizi, akasema kumi na nne. Kumi na nne! Hiyo si ya tairi, hiyo ni ya rinda." Akasema ulicheka mpaka nesi akaja kuona kuna nini. Na kweli siku ile nilikuwa nimetoka kukata rinda la saizi kumi na nne, ndiyo namba pekee iliyokuwa kichwani. Kisha ukamwambia, "Zikikujia za kumi na tano, sita, sita, niko na haja nazo, mwekee Mwende. Lakini usimwambie nilijua. Aliniambia hivyo ili nipate usingizi, na usingizi nikaupata."

Kwa hiyo ulijua. Ulilala ukijua. Miezi yote hii nimejibeba kama mwizi, kumbe mwenye mali alishaona mkono wangu mfukoni akaacha tu, kwa kupenda kuguswa. Nimekudanganya, na wewe ukanidanganya kwamba umeamini, halafu ukaenda kunitafutia mtu wa kunisaidia ukiwa umelala chali na sindano mkononi. Sijui nicheke au nilie, kwa hiyo nimefanya yote mawili, na Mzee Kimeu alitazama upande wa soko kwa heshima mpaka nikamaliza. Alikataa malipo. Aliomba suruali ya kaki yenye mifuko minne. Nimempa ya mifuko sita.

Safari hii nilipima upana. Nilipima mara tatu.

Mtu wa vyuma kuukuu alifika Jumamosi asubuhi na mkokoteni na mizani. Alimkuta Mumbua akizunguka uwanja wa nyumbani, mimi juu yake, kuku wakikimbia kila upande. Mama alikuwa amesimama mlangoni na lile shuka la zambarau mikononi, amelikunja vizuri kama linaenda kabatini. Alisikiliza injini kwa muda mrefu. Nilidhani ataniambia nizime. Halafu akamgeukia yule mtu akamwambia, "Pole kwa kukusumbua, lakini hapa hakuna chuma cha kuuza. Kuna mgonjwa amepona." Akampa chai na mandazi sita, sufuria ya watu watatu ikapata kazi.

Jumatano nilirudi shuleni. Nilikata uwanja wote. Tairi zilipita juu ya nyasi bila kuacha alama, laini, hata juu ya mitaro niliyokuwa nimeijaza. Mistari yangu haikunyooka, nisikufiche. Ule wa karibu na bendera umepinda kama mshono wa mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mwalimu mkuu alikuja akaangalia, akaangalia tena ule mstari wa bendera, akasema tu kwamba michezo ni Ijumaa na baada ya hapo nirudi kila wiki mbili kama mzee. Nilisimama pembeni. Msichana mmoja alitaka kukatiza katikati nikamwambia angoje kidogo. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia bado inapoa. Akangoja tu.

Nimekukosa, Baba. Nilikuwa nafikiri huzuni itakuwa jambo la machozi, kumbe mara nyingi ni jambo la kutaka kukuonyesha kitu. Nageuka kusema, "Angalia hii," na hakuna wa kuangalia.

Sasa jua limefika kwenye meza ya kukatia na Mama atakuwa ameshapakua. Nikuage. Umefanya kazi yako vizuri, pumzika, mashine iko mikononi mwangu na mikono yangu inajifunza. Uwanja wa shule nitaukata, na kanisani, na zahanati wameniita. Kaburini kwako tu ndiko Mumbua hafiki. Ngazi za shamba ni nyembamba na mawe ni mengi, na nyasi juu yako zimeota mpaka jina halisomeki. Huko nitakuja na slasha, wiki hii, nikate kwa mkono. Itanichukua siku nzima, maana unajua nilivyo mvivu wa kuinama. Na sitakuambia nimemaliza, Baba, mpaka niwe nimemaliza.

Binti yako,
Mwende